ICU ya watoto yenye utu: shajara ya mradi wetu

Naandika hii kwa ajili ya manesi, madaktari na wazazi wanaotaka kufanya kitu kama hiki kwenye ICU yao ya watoto bila kuanza sifuri. Hatua za kawaida nitazipitia haraka, pale tulipokwama ndo nitakaa. Gharama nitazitaja kwa saa za watu na mabishano, maana kiukweli vitu vingi tulivyobadilisha havikununuliwa, vilibishaniwa.

9 Januari: tunaanzia wapi

Kikao cha kwanza wengi walitaka tupake kuta rangi, tuchore wanyama, samaki, mawingu. Sina ugomvi na samaki wa ukutani, ila mtoto aliyelala chali na mpira wa kupumulia mdomoni anaona dari tu, anasikia alamu, na mtu anayemtaka hayupo. Basi rangi tukaiweka mwisho wa foleni. Tukachagua mambo matatu: mzazi awepo, usingizi uwepo, na maumivu na kuchanganyikiwa vipimwe kila zamu kama tunavyopima presha.

Kwa wanaouliza kwa nini tunajisumbua: tangu ICU ya watoto ya kwanza ilipofunguliwa Gothenburg, Sweden, mwaka 1955, kazi kubwa imekuwa kuwazuia watoto wasife, na kazi hiyo imeenda mbele sana. Sasa hao wanaopona wanaondoka na mizigo. Misuli imeisha, usiku wanashtuka, darasani hawashiki kama zamani, na mama mtu akisikia mlio wowote unaofanana na wa monita moyo unamruka. Mwaka 2018 watafiti waliupanga mzigo huo kwenye mfumo unaoitwa PICS-p, una sehemu nne: mwili, uwezo wa kufikiri, hisia, na maisha na watu, na ndani yake wamewahesabu wazazi na ndugu wa mtoto pia. Hiyo ndo karatasi tuliyobandika kwenye chumba cha manesi.

Kabla ya kugusa kitu tulipima kelele usiku kwa kifaa cha kushika mkononi, halafu tukawauliza wazazi swali moja: ukiacha ugonjwa wenyewe, nini kimekuumiza zaidi humu? Nilitegemea waseme kiti kigumu au majibu kuchelewa. Wengi walisema walikuwa wanaogopa kumgusa mtoto wao. Hakuna aliyewakataza, ila hakuna aliyewaambia wanaweza, na ukiangalia zile nyaya na mipira mtu anaona akishika vibaya ataua.

2 Februari: mlango

Utaratibu wa zamani mzazi aliingia kidogo mchana, kidogo jioni, na akitolewa nje hakuambiwa kwa nini. Tumeufuta. Mzazi anaingia saa yoyote, usiku na mchana.

Mabishano yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia, na hayakutoka kwa madaktari, yalitoka kwetu manesi. Hoja zilikuwa tatu: wataleta vijidudu, watatuangalia tukifanya kazi, na hatuna nafasi. Hiyo ya kwanza ilijibika kirahisi, mzazi ananawa mikono kama sisi, na akiwa na mafua au homa anakaa nyumbani, anakuja mwingine. Hiyo ya pili watu hawakutaka kuisema kwa sauti lakini ndo ilikuwa kubwa. Hiyo ya tatu ilikuwa kweli.

Kilichotusaidia ni kukumbusha kwamba hili si jambo la kisasa. Ripoti ya Platt ya Uingereza ilitaka wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitali bila kubanwa na saa, na hiyo ni mwaka 1959. Mkataba wa EACH (muungano wa Ulaya wa vyama vya watoto walio hospitali) uliopitishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1988 unasema mtoto aliyelazwa ana haki ya kuwa na mzazi au anayesimama badala yake muda wote. Na kwa wale wanaotaka namba: utafiti wa WHO uliotoka 2021, uliofanyika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwaweka watoto wachanga wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri kwanza hali itulie, mama akawa anakaa humo humo kwenye wodi ya uangalizi. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa 12.0% kwa hao, na 15.7% kwa waliosubiri. Daktari mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema basi mama ni sehemu ya matibabu, tumwandikie kwenye chati. Ilikuwa utani lakini ulimaliza kikao.

20 Februari: mlango, sehemu ya pili, maana mambo yaligoma

Wiki chache za mlango wazi zimetuonyesha kitu ambacho hatukukipanga. Wazazi hawaondoki. Yaani hawaondoki kabisa, hawali, hawaogi, wanalala wamekaa na kichwa kwenye reli ya kitanda. Mama mmoja alianguka kwa kizunguzungu saa tisa usiku na tukajikuta tuna wagonjwa wawili kwenye nafasi ya mmoja. Tulipomuuliza kwa nini hakwenda kulala alisema, "Sista, mmesema naruhusiwa kukaa, sasa nikiondoka si mtaniona simpendi?"

Ruhusa ilikuwa imegeuka lindo. Tulifungua mlango wa kuingia tukasahau kwamba mtu anahitaji ruhusa ya kutoka pia, tena kwa maneno, kutoka kwa mtu anayemwamini.

Tulichorekebisha: nesi wa kila kitanda anamuuliza mzazi mwanzo wa zamu amelala lini na amekula lini, na jibu linaandikwa kwenye chati ya mtoto ili zamu inayofuata isianze upya. Pili, anayetoka anaachiwa makubaliano: "Tutakupigia kikitokea moja, mbili, tatu, na kama kimya basi yuko kama ulivyomwacha." Hii ya kutaja vitu vyenyewe ni muhimu sana, ukisema tu "tutakupigia kukiwa na shida" mtu hatalala, atakaa anaitazama simu. Tatu, viti vinavyokunjuliwa vikawa vya kulalia. Hivi ndo vitu pekee vya maana tulivyolazimika kununua hadi sasa, na kabla ya kununua pimeni upana wa nafasi kati ya vitanda, maana kiti kikikunjuliwa lazima mtu wa mashine ya kupumulia apite bila kukiruka. Chetu cha majaribio hakikupitisha, kikarudishwa.

Na jambo dogo lenye kelele kubwa: tuliandika "mama na baba" kwenye tangazo. Siku mbili hazijaisha bibi aliyemlea mtoto tangu anazaliwa amezuiwa na mlinzi getini. Sasa familia yenyewe inataja watu wawili, tunaandika majina yao, hatuulizi wameungana vipi.

14 Machi: kelele

Mwongozo wa WHO wa 1999 unasema wodi usiku ziwe kama desibeli 30. Sisi hata kwenye usiku uliotulia hatukukaribia, na nisiwadanganye, sidhani kama ICU yenye mashine itafika. Ila tofauti kati ya usiku mbaya na usiku mzuri tuliisikia wazi.

Tulianza na mabango ya KIMYA TAFADHALI. Yalifanya kazi mpaka watu walipoyazoea, halafu yakawa sehemu ya ukuta. Halafu mtu akapendekeza tupunguze sauti za alamu na fundi wa vifaa akakataa katakata, na alikuwa sahihi, alamu usiyoisikia ni mapambo. Akatugeuzia swali: kwa nini zinalia hivyo?

Tulipokaa kuziandika moja moja ikaonekana nyingi hazimtaki mtu afanye chochote. Mipaka ya mapigo ya moyo ilikuwa ya mtoto aliyelala kitanda hicho kabla, stika za kifua zimekauka, sensa ya oksijeni imelegea mguuni mtoto akijitikisa inapiga kelele sekunde mbili inanyamaza. Sasa mipaka inawekwa upya kwa umri na hali ya mtoto kila zamu inapobadilika, stika zinabadilishwa kila siku, na ile ya oksijeni fundi na madaktari wamekubaliana isubiri sekunde chache kabla ya kulia. Msiige hiyo ya mwisho bila watu wenu wa vifaa na daktari kukaa pamoja, kila mashine na kila aina ya mgonjwa ina mambo yake.

Kilichobaki kilikuwa sisi wenyewe. Kifuniko cha pipa la chuma. Viatu. Makabidhiano ya zamu kwa sauti ya sokoni. Pipa limebadilishwa, viatu bado ni vita.

Ila adui mkubwa wa usingizi haikuwa kelele, ilikuwa ratiba. Damu zilichukuliwa saa kumi alfajiri ili majibu yawahi raundi, mtoto anaoshwa saa kumi na moja kwa sababu zamu ya usiku ikiacha hajaoshwa inasemwa, eksirei inapita muda wake. Mtoto mmoja tulimfuatilia usiku kucha na hakuna sehemu aliyoachwa hata saa mbili mfululizo. Tumeyaunganisha: kugeuzwa, nepi, dawa, vipimo, vyote kwa mkupuo mmoja, halafu aachwe. Damu zimesogezwa hadi saa kumi na mbili kwa ambao hali inaruhusu. Maabara walipinga maana inagongana na mzigo wao wa asubuhi, tukakutana nao mara nyingi kuliko ningependa, na mwisho ikapita kwa sharti la kwamba sampuli zote zije pamoja. Mchana taa zinawashwa na mapazia yanafunguliwa, usiku taa kubwa zinazimwa. Hii ya mwisho ni bure na ingeweza kufanyika siku ya kwanza.

4 Aprili: mtoto mpole

Kama unasoma kipande kimoja tu cha hii shajara, soma hiki.

Deliriamu, ule uchanganyikiwaji wa ghafla wa mtu anayeumwa sana, tunaijua kwa mtoto anayerusha miguu na kung'oa dripu. Huyo haangukii kwenye mashimo, kila mtu anamwona. Yule anayetupita ni anayelala ametulia, macho wazi hayashiki uso wa mtu, hageuki akiitwa. Tunamsifu. Tunaandika "ametulia".

Tulichagua kutumia CAPD, fomu ya kupima deliriamu kwa watoto, ina maswali nane na alama zinafika 32, ukifika 9 au zaidi unatakiwa kushtuka. Mwezi wa kwanza wodi nzima ilionekana haina deliriamu hata kidogo, kila mtoto ana nne au tano, nikajua hapa kuna kitu. Kumbe fomu zilikuwa zinajazwa mwisho wa zamu, kwa kumbukumbu, na nesi aliyechoka akijaribu kukumbuka kama mtoto wa miezi kumi "anajua yuko wapi" anaweka namba ya chini aende nyumbani. Sikumlaumu mtu.

Marekebisho mawili. La kwanza ni kuweka kwenye kila kitanda maelezo ya umri, maana CAPD ina mwongozo wa mtoto mdogo anatakiwa kufanya nini kwa umri wake, wa miezi michache anatazama uso, mkubwa kidogo anafikia kitu anachokitaka. La pili ndo lilileta mapinduzi, tukaanza kumuuliza mzazi: "Mama, wewe ndo unamjua, huyu ni yeye?" Siku hiyo hiyo mama wa mtoto tuliyemwita mpole akajibu kabla hatujamaliza kuuliza, "Huyu si yeye sista, mwanangu hata akiumwa ananifuata kwa macho." Alama zilipohesabiwa upya zilikuwa 17.

Baada ya hapo unafanya nini? Mwongozo wa PANDEM wa 2022, ambao ni wa maumivu, utulizaji, deliriamu na mazingira ya ICU kwa watoto, unasisitiza kupunguza dawa za kulaza za jamii ya midazolamu pale inapowezekana, kumpima mtoto mara kwa mara, na kumchangamsha mapema. Kwa hiyo: tafuta kwanza kama kuna maumivu, maambukizi au oksijeni kushuka, angalia dawa, mpe miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anavyo (vilikuwa vimefungiwa kabatini, jamani), mwanga mchana, sauti ya mtu wake, fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, aje hata kama mtoto yuko kwenye mashine.

25 Aprili: tulipunguza kwa kasi

Wodi ilipata ari, midazolamu ikashushwa haraka kwa watoto waliokaa nayo muda mrefu, na baadhi wakaanza kutoka jasho, kupiga miayo, kutetemeka, kuharisha. Zamu moja ikadhani ni maambukizi mapya, antibayotiki ikakaribia kuanzishwa. Ilikuwa mwili unadai dawa iliyoondolewa.

Sasa yeyote aliyepata mofini au midazolamu siku tano na zaidi ana ratiba ya kushusha iliyoandikwa na daktari na mfamasia pamoja, na anapimwa kwa WAT-1, fomu ya dalili za mwili kudai dawa, kila saa 12. Alama 3 au zaidi tunasimama, hatushuki ngazi nyingine. Imerefusha ukaaji wa watoto wachache kidogo, na hilo tumelibeba.

9 Mei: sindano

Fupi. Krimu ya ganzi ya lidokaini na prilokaini inataka kama saa nzima kabla ya sindano, kwa hiyo inapakwa wakati kipimo kinaandikwa, sio sindano ikishafunguliwa. Mchanga ananyonyeshwa wakati wa kuchomwa kama anaweza, au anapewa matone ya maji ya sukari ya hospitali dakika mbili kabla. Maumivu ya asiyeweza kusema tunapima kwa FLACC, alama za kuangalia uso, miguu, mwili, kilio na kama anatulizika.

Kilichogoma: tulimwomba mzazi amshike mtoto asitikisike. Mtoto wa miaka mitatu alimwangalia baba yake kwa macho ambayo baba hakuyasahau, na kesho yake hakutaka abebwe naye. Hatufanyi tena. Kushika ni kazi yetu, mzazi anakaa upande wa kichwa, anaongea, anaimba, anampakata baada ya hapo. Na mzazi asiyeweza kuangalia sindano anatoka bila kuulizwa sababu.

6 Juni: raundi

Wazazi wanabaki wakati wa raundi. Mara ya kwanza daktari mdogo alitaja magonjwa yote anayoyafikiria, kama alivyofundishwa, na mama akasikia saratani ikipita kati ya vitu saba akabaki nayo hiyo moja mchana kutwa. Wengine wakaanza kunong'ona, ikawa mbaya zaidi, maana mtu akiona watu sita wamevaa koti wananong'ona juu ya mwanae hakuna atakachofikiria kizuri.

Mpangilio uliokubali: mzazi anaanza, anasema usiku umekuwaje na nini kinamtisha leo. Kisha raundi inaendelea kwa lugha ya kazi. Mwisho daktari anasema kwa sentensi moja mpango wa leo ni nini na nini kitatuonyesha kwamba unafanya kazi. Nesi anabaki nyuma na kumwomba mzazi arudie alivyoelewa. Raundi zimerefuka, na madaktari wamelalamika kwa haki, ila simu na maswali ya mchana yamepungua kiasi kwamba inchaji ameacha kubishana.

Ambacho hakijapona: vitanda vimekaribiana na jirani anasikia. Mazungumzo mazito tunayapeleka kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo ya maboksi, na maboksi sasa yako kwenye korido, na watu wa usalama wa moto wameshakuja mara mbili.

27 Juni: daftari

Daftari la kitanda ni wazo lililokuzwa nchi za Skandinavia, watu wa karibu na manesi wanamwandikia mgonjwa kilichotokea siku asizozikumbuka, baadae analisoma na kujaza matundu ya kumbukumbu. Sisi tuliwapa manesi kalamu na tukapata "saa 8 mchana, amenyonywa makohozi, amevumilia vizuri." Hiyo ni chati. Tukabandika ndani ya jalada mifano ya mistari mitatu, kwa mfano leo mvua ilinyesha na dada yako amekutumia picha, na hapo watu wakafunguka, mpaka mfagiaji wetu wa usiku anaandika.

Sheria tulizojifunza njiani: daftari ni mali ya familia, haliingii kwenye faili. Picha hazipigwi bila ruhusa ya mzazi, na mtoto akipata fahamu naye anaulizwa. Hakuna kuandika maneno ya kumtabiria kupona.

Lile tulilolikwepa likaja lenyewe. Mtoto mmoja alifariki na daftari likabaki mezani, nusu limejaa, hakuna aliyejua la kufanya. Mzazi mwenyewe ndo aliliomba. Sasa inaulizwa kwa upole siku hiyo, na asiyelitaka siku hiyo anaambiwa tutalitunza, hata mwaka ukipita anaweza kulifuata.

Usiku huo huo uliamua na jambo lingine lililokuwa linasubiri: wazazi kuwepo wakati wa kumfufua mtoto moyo wake ukisimama. Miongozo ya chama cha moyo cha Marekani imeliunga mkono tangu 2000, ila tulilisogeza kila kikao. Sasa mzazi anachagua, na akibaki kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni mzazi tu, haguswi na kazi nyingine, anamweleza kinachofanyika na anamtafutia nafasi ya kushika mkono au mguu wa mtoto. Kama zamu haina mtu huyo, inchaji anaacha anachofanya. Bila huyo mtu msijaribu.

18 Julai: hali ilivyo, na gharama

Fedha ni viti, mapazia mazito na madaftari. Gharama halisi ni manesi. Kumfundisha mama kumpakata mtoto mwenye mpira kunataka nesi mmoja, mtu wa mashine na muda ambao haumo kwenye mgawanyo wa kazi. Na kumfahamu mzazi kwa jina, kujua amelala lini, halafu kumpoteza mtoto wake, kunauma kuliko zamani tulipokuwa tunawaona nusu saa jioni. Wawili wameomba kuhamishwa na nilielewa kabisa. Tumeanza kukaa dakika kumi na tano baada ya kila kifo, anayetaka kusema aseme, na zamu inayofuata inajua iwashikie vitanda vyao muda huo.

Kuhamia wodi ya kawaida bado ni pabaya. Mzazi anatoka kwenye nesi mmoja kwa kitanda anaingia kwenye nesi mmoja kwa wodi, na anaona kama ametupwa. Tunamtembeza huko siku moja kabla, na nesi wa ICU anapita kumwangalia kesho yake. Simu ya baada ya kwenda nyumbani tumeiandika kwenye mpango lakini inapigwa tu na mtu akiwa na nafasi, yaani mara chache.

Ndugu wadogo wa mgonjwa hatujawaruhusu bado. Mpango uko tayari, wanaandaliwa kwa picha za mashine kwanza na wanaingia na mtu wa kuwatoa wakichoka, ila daktari wa maambukizi anataka tuandike maswali ya homa, vipele na chanjo kabla hajasaini. Na zamu ya usiku imekataa ratiba mpya ya kuunganisha kazi kwa watoto wanaogeuzwa kila saa mbili, wanasema inawaacha na vitanda vitatu vinavyodai kugeuzwa dakika ile ile. Jumatatu tunakaa nao kuipangua, kitanda kwa kitanda.